Wageni Wananunua Nini

Ukitoka Endebess kuelekea lango la Chorlim, kabla hujaingia Mbuga ya Mlima Elgon, kuna nyumba kubwa ya zamani. Ilikuwa ya mkulima Mzungu enzi za ukoloni, baadaye ikawa Mount Elgon Lodge. Wanaokuja kupanda Koitoboss, mita 4,222 juu ya bahari, au kuona pango la Kitum ambamo ndovu huingia usiku kuchimba chumvi kwa pembe zao, wamekuwa wakilala hapo miaka mingi. Sisi wa Endebess tunaipita tu. Nani alipie kitanda na kwao ni safari fupi ya boda boda?

Mimi nililipia. Sababu ni shamba la Kukhu.

Kukhu ana ekari mbili walizonunua na marehemu babu, na ziko karibu na barabara. Tangu barabara ya Kitale–Suam itiwe lami, simu haziishi. Mnunuzi mmoja alikuja na gari safi, akasimama katikati ya mahindi, akaangalia mlima, akasema hapa koteji za watalii zitakaa vizuri sana. Baba mdogo akasema tuuze, pesa tugawane, kila mtu ajipange. Shangazi akasema ng'o. Walizozana wiki mbili. Kukhu, ambaye jina lake ndilo liko kwenye hati, alinyamaza muda huo wote, halafu siku moja akanigeukia.

"Wewe si ndiye unaandika-andika? Enda ulale huko kwa wageni. Urudi uniambie wananunua nini."

Hakuwa anatania. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipotushinda, na tangu hapo najilisha kwa kuandika makala za watu kwenye intaneti. Nimeshaandika kuhusu fukwe kumi nzuri za Bali, na hata Mombasa sijafika. Wanachonunua wageni nilikuwa nakijua kwa maneno. Kukhu alitaka nikijue kwa mgongo.

Yeye anazijua nyumba za aina hiyo kwa magoti. Mwaka 1952, akiwa na miaka kumi na minne, aliingia kazi kwenye nyumba ya setla mmoja upande wa Kitale. Alipiga deki na kusugua sakafu kwa rangi nyekundu miaka kumi na mbili. Baba yake alikuwa skwota kwenye shamba hilohilo. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota amfanyie mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka, ndipo aruhusiwe kujenga kibanda, kulima kipande chake na kulisha ng'ombe. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, mahindi ya Trans Nzoia yakapata njia ya kwenda mbali. Wasabaot, ambao walilisha mifugo kwenye nyanda hizi kabla ya yeyote kuchora ramani ya mashamba, walikuwa wameshasukumwa kuelekea mlimani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huku kwetu mgeni alifika, na siku ya tatu akampa mwenyeji jembe.

Basi nikaenda, na begi moja na sweta mbili. Kijana aliyenipokea aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Endebess. "Endebess hii?" Akacheka, nami nikacheka. Kisha akanibebea begi, kitu ambacho sijawahi kufanyiwa na mtu yeyote maishani, nikawa natembea nyuma yake mikono ikining'inia, sijui niiweke wapi.

Jioni baridi ya mlima iliposhuka niliketi karibu na moto, nikampigia Kukhu.

"Uko wapi?"

"Ndani. Chumba cha mbele."

Akanyamaza kidogo. "Wewe ndiye umewasha huo moto?"

"Hapana, nimewashiwa."

"Na sakafu? Siku hizi wanapaka nini?"

Niliinama nikaigusa. Nikamwambia ni mbao, sioni rangi. Akaguna. Akaniuliza kama dirisha linaangalia mlima au boma la wafanyakazi. Nikamwambia mlima. "Hayo ya mlima nilikuwa nayafuta," akasema, "lakini mtu hufuta kioo haraka, haangalii nje." Halafu akaniambia nilale, simu inakula pesa.

Sikulala mapema. Nilikaa kwenye giza nikisikiliza nyumba ikilialia kwa baridi. Nilifikiria mama, aliyetulea kwa vibarua vya kung'oa mbelewele kwenye mashamba ya mahindi ya mbegu, ambaye akirudi hukaa chini na gamubuti bado ziko miguuni. Katika nyumba yetu sijawahi kuona mtu mzima ameketi bila kazi mkononi. Hata kupumzika ni kuchambua mboga.

Asubuhi ukungu uliondoka na mlima ukajitokeza wote. Ni mlima uleule tunaouona tukienda kuchota maji, ila hapa kulikuwa na kiti kilichoelekezwa kwake, na chai, na hakuna aliyeniita.

Niliporudi nilimwambia Kukhu ukweli: wananunua kukaa. Chumba ni chumba, chai ni chai, lakini pesa yenyewe inalipia kukaa ukiangalia mlima bila mtu kukutuma.

"Na mlima ni wa nani?"

"Wa serikali, Kukhu. Mbuga tangu 1968."

"Kwa hivyo huyo wa gari safi anataka kununua mahali pa kuweka kiti."

Aliita kikao Jumapili. Alisema shamba haliuzwi. Mwenye kutaka kuweka wageni aje akodishe nusu ekari, kwa maandishi, na miaka ihesabike. Mnunuzi hajapiga simu tena. Baba mdogo haongei nami mpaka leo. Anasema nilitumwa kuhesabu vitanda, nikarudi na mashairi. Ana madeni ya kweli na watoto wawili sekondari, na sina jibu la kumpa ambalo litalipa karo.

Kukhu, kwa upande wake, ameagiza benchi kwa fundi. Ameliweka nyuma ya nyumba, upande wa mlima. Jana nilimkuta ameketi hapo. Alikuwa anachambua mboga.