Dhahabu Huyeyushwa, Kadi Haiyeyushwi: Barua kwa Mpwa Aliyeibiwa

Baltimore, Maryland

Kwa mpwa wangu mpendwa,

  

Habari ya wizi niliipata kwa mamako kabla hujanipigia. Namshukuru Mungu kwamba nyumba ilikuwa tupu walipoingia. Mmerudi kutoka harusini mkakuta mlango umevunjwa, hamkukuta mtu amesimama sebuleni. Hilo liweke mbele ya yote, na kila ukianza kuhesabu kilichokwenda, anza na waliobaki. Nimeona heri nikuandikie, kwa sababu maneno ya simu hupita, na haya nataka uyasome kwa utulivu, na mkeo ayasome.

Kwanza, tafadhali usimwambie mkeo kwamba zile kadi zilizoibwa ni karatasi tu. Najua ungesema hivyo kwa kumliwaza, lakini kwake si karatasi. Babu yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha chuma hapo Pittsburgh, akaanza kukusanya kadi za besiboli tangu utotoni, enzi kampuni ya Topps ilipokuwa ikiziuza pamoja na chingamu. Kadi ya Roberto Clemente ya mwaka 1955, ile iliyolala, yenye sura kubwa upande mmoja na picha ndogo ya mwili mzima pembeni, hakuihifadhi kwa ajili ya bei. Clemente alikuwa Mweusi kutoka Puerto Rico, akaichezea timu ya mji wao tangu 1955, akafikisha mipigo 3,000 mwaka 1972, na tarehe 31 Desemba mwaka huo huo akafa ndege ilipoanguka baharini, akipeleka misaada kwa waliopatwa na tetemeko la ardhi Nicaragua. Wewe unavuka daraja lenye jina lake kila ukienda mjini. Mzee yule alimwona akicheza. Kadi ilikuwa ushahidi wake kwamba alikuwepo. Kwa hiyo mwache mkeo alie kilio chake bila kupimiwa.

Lakini bei nayo ipo, na ndiyo iliyoleta mguu wa mwizi mlangoni kwako. Mwaka 2022 kadi ya Mickey Mantle ya 1952 iliuzwa kwa dola milioni 12.6. Mwaka huo huo ile ya Honus Wagner, iliyotoka ndani ya paketi za sigara kati ya 1909 na 1911, iliuzwa kwa dola milioni 7.25. Hapa Baltimore tulikuwa na kadi ya Babe Ruth ya mwaka 1914, iliyoonyeshwa kwa miaka mingi kwenye makumbusho yaliyo katika nyumba alimozaliwa. Mwisho wa 2023 nayo ilinunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 7. Kadi za mzee hazifikii hata chembe ya bei hizo, lakini habari za namna hii zikitangazwa, mwizi naye anazisikia. Hajui kutofautisha Mantle ya 1952 na ya miaka kumi baadaye. Anajua tu kwamba kuna nyumba yenye sanduku la kadi za zamani, na sanduku linabebeka kwapani.

Alijuaje? Hapa niwe mkweli kwako kama ambavyo babako angekuwa. Mwezi uliopita uliweka mtandaoni video ya kadi zimetandazwa mezani, na dirishani nyuma yako inaonekana barabara. Jumamosi ile mkaweka picha za harusi nyote mkiwa ukumbini, muziki ukiendelea. Mtu hakuhitaji kupeleleza zaidi ya hapo. Kitu cha thamani kikikaa ndani ya nyumba, kiwe siri ya wenye nyumba. Picha za safari na sherehe zisubiri mpaka mrudi. Watoto pia waelezwe, bila kuwatisha.

Hata hivyo, usiifute ile video bado. Ihifadhi kwanza, nakala mbili, kwa sababu sasa ndiyo daftari pekee ulilo nalo.

Na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka 2014 wezi walivunja makumbusho ya Yogi Berra huko Little Falls, New Jersey. Berra alitwaa World Series mara 10 akiwa mchezaji wa Yankees, na mpaka leo hakuna mchezaji aliyemfikia. Walichukua pete zake za ubingwa. Miaka ikapita kimya. Mwaka 2023, watu waliposhtakiwa Pennsylvania kwa wizi huo na mwingine, ndipo ikajulikana kwamba pete zilikwisha kuyeyushwa zamani, na madini yake yakauzwa kwa dola 12,000 hivi. Vitu vya zaidi ya dola milioni moja, vya mtu ambaye alipoibiwa alikuwa bado hai, vikawa donge la dhahabu lisilo na jina.

Kadi haifanyiwi hivyo. Dhahabu ikiyeyushwa inabaki dhahabu. Kadi ukiikata au ukiichoma unabaki na takataka. Aliyekuibia hana budi kuiuza ikiwa nzima, kwa sura ile ile, kwa mnunuzi anayejua anachonunua. Hapo ndipo anapokamatika, lakini iwapo tu wewe unaweza kuonyesha kwamba kadi hii, na si nyingine inayofanana nayo, ni yenu. Aprili 2024, mjini Strongsville, Ohio, kifurushi cha kadi za zamani zenye thamani ya dola milioni 2 hivi kilitoweka hotelini. Polisi walimkamata mfanyakazi wa hoteli hiyo, na nyingi kati ya kadi zikapatikana. Zilikuwa za kampuni ya mnada, na watu wa mnada huandika kila kitu. Wazee wetu waliokaa madukani walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi usiku huu kaa na mkeo muandike. Zile kadi alizokuwa amezipeleka kupimwa ubora, kila moja ilikuwa ndani ya kikasha cha plastiki chenye lebo na nambari yake. Nambari hizo zimo kwenye risiti za kampuni ya upimaji, au kwenye barua pepe zake. Wapeni polisi nambari, wapeni na kampuni yenyewe. Mwizi anaweza kuvunja kikasha akauza kadi tupu, ndiyo, lakini kadi za miaka ile zilikatwa kwa mashine isiyokuwa makini. Ukingo mweupe ni mpana kushoto, mwembamba kulia. Kuna doa la wino karibu na sikio. Kona moja imejikunja. Kadi mbili za mchezaji mmoja hazilingani kwa alama hizo zote. Ikuze video, simamisha kila mahali kadi inapoonekana vizuri, toa picha, andika alama unazoziona. Mwombe mkeo atafute pia picha za zamani za familia ambamo babu yake ameshika kadi, au kadi zimepangwa mezani.

Ukishamaliza, peleka orodha kwa maduka ya kadi ya Pittsburgh na miji ya jirani, na maduka ya rehani. Tazama minada ya mtandaoni kila siku. Ukiiona ya kwenu inauzwa, usimwandikie muuzaji, usijifanye mnunuzi, na narudia, usiende kukutana naye kwenye maegesho ya gari ukiwa na shemeji zako. Piga picha tangazo, mpigie mpelelezi mwenye faili lako, mwachie. Nchi hii ina bunduki nyingi, na mamako hana mtoto mwingine wa kiume.

Nimemtaja mamako, basi nije kwenye jambo zito kuliko kadi. Ameniambia anataka halbadiri, ile dua ya kumwapiza mkosaji, isomwe madrasani kule Mombasa, mwizi aumbuke. Nimemsihi asubiri, na wewe msihi hivyo hivyo, kwa upole, kwani anafanya kwa uchungu wa mtoto. Ikishasomwa, yeyote atakayeugua homa katika ukoo wa mkeo msimu huu ataangaliwa kwa jicho baya. Na najua mtakayemwangalia. Uliniambia mwenyewe, kwa sauti ya chini, kwamba kaka wa mkeo alikuwa na ufunguo, alijua sanduku liko wapi, na juzi alikuwa na shida ya pesa.

Mpwa wangu, mtu mwenye ufunguo hana haja ya kuvunja mlango. Hilo halimtoi hatiani, kwa maana kikulacho ki nguoni mwako na wapo wanaovunja ili wasishukiwe. Lakini halikupi ruhusa ya kumtia hatiani pia. Mpelelezi akikuuliza nani walijua kwamba kadi zipo, mtajie wote bila kuruka mtu, yeye akiwemo, na mimi nikiwemo, kwa sababu nilijua. Huko si kumsingizia mtu, ni kujibu swali. Ila mezani kwenu, mbele ya mkeo, mbele ya wakwe, lisikutoke neno. Nimeona kwa majirani zangu hapa vitu vilivyoibwa vikapatikana baada ya miezi, lakini ndugu aliyeitwa mwizi hakurudi kula nao tena. Mwalike shemeji yako wiki hii kama ulivyozoea kumwalika. Ukiacha kumwita sasa, utakuwa umeshamhukumu.

Tuje mlangoni. Riziki yangu huku nimeipata kwa kupachika milango, na mara nyingi naitwa asubuhi inayofuata baada ya wizi, kwa hiyo hapa nisikilize bila kubishana. Picha uliyonitumia nimeikuza. Komeo lako ni zima. Kitasa ni kizima, hata rangi haikukwaruzwa. Kilichopasuka ni fremu. Lile bamba dogo la chuma linalopokea komeo lilikuwa limeshikiliwa na skrubu mbili fupi, hazifiki hata sentimita 2, nazo zimeuma ubao laini wa fremu tu. Mtu akipiga teke, ubao unafunguka kama ganda la njugu, na komeo lako la bei kubwa linabaki limejitokeza hewani likiwa halijashika kitu. Nyumba nyingi za huku zimejengwa hivyo. Watu wananunua kamera, wananunua king'ora, na fremu wanaiacha ilivyotoka kiwandani. Dawa yake ni bamba refu la chuma na skrubu za inchi 3, zipite fremu ziingie kwenye nguzo ya mbao iliyo nyuma yake. Bawaba nazo hivyo hivyo. Gharama yake haizidi chakula cha jioni cha familia mkahawani.

Mlango wa nyuma na dirisha la chumba cha chini nitavitazama mwenyewe. Kamera weka, haina ubaya, lakini ujue inakuonyesha aliyeingia, haimzuii kuingia.

Kuhusu sefu, usikimbilie. Sefu ndogo isiyofungwa kwa boliti sakafuni ni zawadi kwa mwizi: umemkusanyia vya thamani vyote ndani ya kisanduku kimoja. Na sefu za kuzuia moto zina tabia mbili ambazo muuzaji hatakwambia. Nyingi zimepimwa kwa ajili ya hati za karatasi, yaani joto la ndani linaruhusiwa kufika nyuzi 177 za Selsiasi. Karatasi itasalimika, vikasha vya plastiki vitalainika. Tena kuta zake hushikilia unyevu, na unyevu ni adui wa kadi. Ukishaipata, tia ndani vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye viatu vipya, uvibadilishe mara kwa mara. Kama mnapenda kukodi sanduku benki kwa zile zilizobaki, ni wazo zuri, lakini bima ya serikali inayolinda amana hadi dola 250,000 inalinda pesa za akaunti tu. Kilichomo ndani ya sanduku hakimo.

Ndiyo sababu bima yenu isomeni upya, neno kwa neno. Bima ya kawaida ya nyumba huweka ukomo mdogo wa fidia kwa baadhi ya vitu vya thamani, hata nyumba yenyewe ikiwa imekatiwa bima kubwa. Muulize wakala kama mkusanyiko unaweza kuorodheshwa kwa jina na kwa thamani mliyokubaliana, au kama mnahitaji bima ya pekee ya vitu vya kukusanya. Jibu lake mwombe kwa maandishi. Kwa hizi zilizoibwa, peleka nambari ya ripoti ya polisi leo kabla ya kesho, na usiongeze kadi hata moja ambayo hamkuwa nayo. Sitalisema mara mbili.

Nitakuja Jumamosi ijayo, inshallah, na bamba, skrubu na drili yangu. Mpaka hapo funga mlango kwa ubao kama ulivyofanya, na sefu usinunue kabla sijaiona mimi. Nitumie orodha hata ikiwa nusu. Mwambie shemeji yako nitahitaji mtu wa kunishikia fremu, na ningependa awe yeye. Mpigie mamako usiku wa leo, kwao itakuwa asubuhi.

Wasalaam,
Mjomba wako