Kiingereza cha Mwendo wa Pole

Enzi zile, darasa letu la jioni pale Moshi lilitegemea betri za National, zile zilizochoka tukizianika juani mchana kutwa ili zipate uhai wa kipindi kimoja tu. Tulizungusha mshale wa redio taratibu katikati ya miluzi na mikwaruzo ya masafa mafupi, mpaka Sauti ya Amerika ikatujia ikisoma polepole kama padri anayetangaza ndoa. Kilikuwa kipindi cha Special English, kilichoanza mwaka 1959 kwa msamiati wa maneno kama 1,500, na ndani yake tukisubiri Words and Their Stories, ambapo misemo ya mitaani ya Wamarekani ilielezwa ilikotoka na inavyotumika.

Wanafunzi walikuwa wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, waliotaka kuwa waongozaji, wapishi na makarani wa hoteli. Baba na mama wa watu, waliokuja na madaftari ya watoto wao yaliyobakia kurasa, viatu vikiwa bado na vumbi la Marangu. Kiingereza cha kitabuni walikuwa nacho. Lakini mgeni aliyefika Kibo Hut, zaidi ya mita 4,700 juu, hasemi amechoka. Anasema "I'm beat" au "I feel lousy", na mwongozaji lazima ajue kama huyo ni wa kupewa chai au wa kuteremshwa haraka kabla mwinuko haujamdhuru.

Misemo mingine ilitufikia imezeeka. Tuliimba wote kwa sauti moja "It's raining cats and dogs", na masika yalipokuja msichana mmoja wa Kimarekani akaambiwa hivyo na mgumu wetu, akacheka, akasema bibi yake ndiye aliyezoea kuzungumza namna ile.

Siku hizi kila mmoja ana simu. Misemo inaingia ikiwa ya moto. Nikiandika wangu ubaoni naambiwa, "Ticha, hiyo ya zamani." Nafuta. Matamshi yao yamenishinda, na Mmarekani anayezungumza mbiombio wanamwelewa bila kumwomba arudie. Hilo sisi hatukulipata kwa redio.

Ila video haisemi neno ni la nani kwa nani. Kijana mmoja alimwita mgeni mwenye mvi "bro". Kwa Kiswahili mzee huyohuyo angepewa shikamoo, tena kwa kuinamishiwa kichwa.

Machi 2025, serikali ya Marekani iliwaambia zaidi ya wafanyakazi 1,000 wa Sauti ya Amerika wakae nyumbani. Nilipolitaja darasani, mmoja aliuliza kama hiyo ni chaneli ya YouTube.

Basi wao wanaleta misemo, mimi nauliza: haya, unayemwambia ni wa rika lako? Wanabishana mpaka muda unakwisha. Zamani, redio ikizimwa, hakuna aliyekuwa na la kubishia.