Unga na Vipande

Ufundi nilijifunza Uvira, nauendeleza hapa Kakuma. Juzi mzee jirani yangu aliniletea Noah yake ya gia otomatiki, kilomita 310,000, nimbadilishie oili ya giaboksi. Gari hiyo ndiyo inalisha watoto wake, inabeba abiria kwenda na kurudi Kalobeyei.

Nikafungua sampo, nikatazama sumaku zilizo ndani. Unga laini wa kijivu, kama tope, haunitishi. Gari iliyotembea sana lazima isagike kidogo. Unaufuta, unabadilisha filta, unaweka oili mpya. Lakini safari hii vipande vilinikwaruza kidole, kimoja kama jino la gia.

Ningeweza kufuta na kunyamaza, nami nyumbani ugali haukuwepo. Nikamwita, "Mzee, njoo ushike mwenyewe."

Akashika. "Fundi, sasa watoto watakula nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu kwamba oili mpya hairudishi chuma kilichovunjika, na ndani ya gari watakaa watu. Pesa sikuchukua.

Gari bado iko kwangu, tunachangisha giaboksi ya mtumba. Kila jioni mzee anapita kuiangalia, kisha tunakunywa chai.