Kijana anayechelewa kukomaa: tumpime kwa kipimo gani?

Jambo la juma hili limetoka mbali, katika nchi ya Kanada, lakini naona litatufaa sisi sote tunaolea.

Yaya yangu anaishi Montréal na mume wake na watoto watatu. Kijana wake wa pili ana miaka 16 na anacheza hoki ya barafu. Ni ule mchezo ambao wachezaji huvaa viatu vyenye chuma chini, huteleza juu ya barafu, na kupiga kwa fimbo kipande cha mpira mgumu kiitwacho paki. Kule unapendwa kama sisi tunavyopenda kandanda. Mwaka jana, timu za ligi ya juu ya vijana ya Québec zilipochagua wachezaji, jina lake halikusomwa. Alikuwa mfupi, na watu wa timu walisema hana mwili. Tangu siku ile ameongezeka sentimita 9, na kocha wake wa sasa anasema kijana anabadilika.

Baba yake anataka aache. Vifaa ni ghali, safari za mechi ni nyingi. Yaya akanipigia simu: "Mdogo wangu, wewe ni mwalimu, kila mwaka unapima watoto. Huyu niendelee naye ao nimwachishe?"

Mimi si mtu wa pembeni katika jambo hili. Pesa za yaya ndizo zinazolipa masomo ya sekondari ya watoto wawili wa kaka yetu hapa nyumbani. Viatu vya barafu vinanunuliwa kutoka mfuko uleule. Kwa hiyo sikutaka kujibu kwa huruma, wala kwa hofu ya ada. Niliomba siku chache, nikasoma juu ya mchezo huo, kisha nikamwandikia maswali manne.

La kwanza: mtoto amezaliwa mwezi gani? Katika hoki ya Kanada watoto hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia Januari mpaka Desemba. Miaka ya 1980, mama mmoja aitwaye Paula Barnsley alikuwa kwenye mechi ya vijana mjini Lethbridge pamoja na mume wake Roger, mtaalamu wa saikolojia. Akisoma orodha ya wachezaji, aliona kwamba wengi wamezaliwa Januari, Februari na Machi. Wakachunguza ligi nyingine, wakakuta vilevile, na mwaka 1985 utafiti ukatolewa. Sababu yake si ngumu. Kwa mtoto wa miaka 8, miezi kumi na moja ni mingi sana. Yule wa Januari ni mkubwa kidogo, basi anachaguliwa. Akichaguliwa anapata kocha mzuri na mechi nyingi, na baada ya miaka michache anakuwa kweli bora kuliko yule aliyeachwa. Kijana wetu amezaliwa Novemba.

Sisi walimu tunaliona jambo hili kila Septemba. Katika mwaka wa kwanza wa msingi, mtoto aliyetimiza miaka 6 juzi anakaa benchi moja na yule anayekaribia 7, na wote wawili wanapewa bulletini moja yenye asilimia. Asilimia haisemi nani alizaliwa lini.

Swali la pili: mwili wake umefika wapi? Wavulana hawakui kwa pamoja. Wengine hurefuka kwa haraka wakiwa na miaka 12, wengine wanangoja 15 ao 16. Anayetangulia huwasukuma wenzake kwenye barafu na kufunga mabao, na watu wanasema ana kipaji. Siku wenzake wakimfikia, nguvu ile haimsaidii tena. Aliyechelewa naye ana shida yake: mtu akirefuka ghafula, miguu inakuwa kama si yake, na anaweza kuteleza vibaya kwa miezi kadhaa kuliko zamani. Hatuwezi kumhukumu katika miezi hiyo.

Swali la tatu ndilo naliona kubwa: anafanya nini ambacho hakitoki katika mwili? Nilimwomba yaya aache kuhesabu mabao kwa mechi tatu. Amwangalie kijana akiwa hana paki. Je, anainua kichwa kuona wenzake wako wapi kabla ya kuipokea? Anakwenda mahali paki itakapofika, ao anaifuata nyuma? Akinyang'anywa, anarudi kulinda ao anasimama kulalamika? Kocha akimsahihisha Jumanne, Jumamosi kosa lile limepungua? Kijana mfupi aliyezoea kupigana na wakubwa mara nyingi amejifunza kufikiri haraka, kwani hakuwa na njia nyingine. Akiongezewa mwili, akili ile inabaki.

Swali la nne: anacheza na nani, na kwa dakika ngapi? Kufunga mabao 30 ukiwa na miaka 20 kati ya watoto wa 17 si sawa na kufunga mabao 30 ukiwa na 17. Na anayeingizwa dakika tano tu kwa mechi hawezi kulinganishwa na anayecheza dakika ishirini. Namba bila umri na bila dakika inatudanganya.

Nilimpa yaya pia mifano miwili. Martin St. Louis alizaliwa mwaka 1975 huko Laval, karibu kabisa na Montréal. Urefu wake ni kama mita 1.73. Katika NHL, ligi kubwa kuliko zote, timu huchagua vijana kila mwaka kuanzia miaka 18. Yeye hakuchaguliwa na timu yoyote. Alisoma miaka minne katika chuo kikuu cha Vermont, Marekani, huku akicheza. Timu ya Calgary ilimchukua, kisha ikamwacha mwaka 2000. Akaenda Tampa Bay, na mwaka 2004 alichukua kombe la Stanley pamoja na tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Mwaka 2013, akiwa na miaka 37, aliongoza ligi nzima kwa pointi.

Wa pili ni mtoto wa kwetu. Bokondji Imama alizaliwa Montréal mwaka 1996, wazazi wake ni Wakongomani. Mwaka 2015 alichaguliwa akiwa wa 180. Alipitia timu za ligi ya chini mwaka kwa mwaka, na mechi yake ya kwanza ya NHL aliicheza mwaka 2022, akiwa na miaka 25. Hakuwa nyota kama St. Louis, na mechi zake katika ligi ile kubwa si nyingi. Lakini alifika.

Nilimwekea yaya mifano yote miwili kwa makusudi. Methali inasema "kawia ufike", lakini si kila anayekawia anafika. Wengi wa wale waliokomaa kwa kuchelewa hawakucheza NHL hata siku moja, na majina yao hatuyajui. Mama akimwambia mtoto "utakuwa kama St. Louis", anamtwisha mzigo. Akimwambia "wewe umeshindwa" kwa sababu ya orodha ya mwaka jana, anamfungia mlango kabla mwili wake haujamaliza kukua.

Basi shauri langu lilikuwa hili. Aendelee msimu mmoja, kwenye timu ndogo iliyo karibu, ambapo atacheza dakika nyingi na safari ni fupi. Masomo yasiguswe: njia ya chuo kikuu iko wazi kwa wachezaji, na kwa asiyefika ligi ni faida vilevile. Vifaa vinunuliwe vilivyotumika. Ada ya watoto wengine itolewe kwanza, kisha hoki. Yaya aweke daftari, aandike kila mwezi majibu ya maswali yale manne, amlinganishe kijana na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Mwezi wa sita wakae watatu, baba, mama na kijana, wafungue daftari na kukata neno.

Shemeji amekubali mpaka mwezi wa sita, si zaidi. Kijana mwenyewe alinitumia ujumbe: "Mama mdogo, sasa Mama ananiangalia hata nikiwa sina paki." Sijui kama alikuwa anashukuru ao analalamika.

Mama wapenzi, katika vikundi vyetu wapo walio na mtoto aliye nyuma, kwa mpira, kwa kusoma, kwa kushona. Kabla ya kukata neno, tuulize mwezi wa kuzaliwa, tuangalie mwili, tuangalie anachojifunza, tuulize amepewa nafasi kiasi gani. Na tuweke tarehe ya kuhesabu, ili kungoja kwetu kusiwe kungoja bure.