Kofia ya Mdogo Wangu

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, tarehe 13 Juni, nilisimama na kipaza sauti mkononi kuwakaribisha wageni kwenye Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino. Nilieleza kwamba siku hiyo ilitangazwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwishoni mwa 2014 na ikaanza kuadhimishwa 2015. Nilikuwa nimeyakariri vizuri. Wageni waliketi chini ya hema. Watu wenye ualbino, kama kumi na wawili hivi, walipangwa mbele ya hema, juani, wakiwa wameshika bango ili wapiga picha wawapate. Tulianza saa nne asubuhi. Hotuba ya mwisho iliisha saa saba kasoro, na Juni kwetu Burundi ni kiangazi, hakuna hata wingu.

Mmoja wa walioshika bango alikuwa mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemwalika. Mimi pia ndiye niliyemwambia avue kofia ili uso wake uonekane pichani. Jioni masikio yake yalikuwa mekundu na shingo imetoka malengelenge. Hakulalamika. Alisema tu, "Dada, umeongea vizuri."

Sisi ni watu wa Ruyigi, mashariki mwa nchi, karibu na mpaka wa Tanzania. Mwaka 2008 watu wenye ualbino walianza kuuawa mkoani kwetu, na viungo vyao vikavushwa mpaka kwenda kuuzwa, kwa imani kwamba vinaleta utajiri. Mimi nilikuwa na miaka sita, yeye mitatu. Mama alimfungia katika chumba cha ndani tulikohifadhi maharage. Kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni na kuanza kuimba nikiona mgeni anakuja, ili mama ajue. Mwaka 2009 mahakama ya Ruyigi iliwahukumu baadhi ya waliohusika, mmoja wao kifungo cha maisha, lakini mlango wa chumba kile haukufunguliwa siku hiyo. Ulifunguliwa kidogo kidogo, kwa miaka. Nami nilikua nikiamini kwamba kumlinda mtu kama yeye ni kumficha, na kwamba akishaweza kutoka nje bila kuuawa, basi amesalimika.

Alipotoka alikutana na jua. Ngozi yake haina melanini ya kutosha kuzuia mionzi, na nyumbani kwetu ni milimani, si mbali na ikweta, ambako mionzi hupita hata siku ya mawingu. Macho yake huchezacheza na mwanga mkali humuumiza. Shuleni aliwekwa nyuma kwa sababu ni mrefu, asiwazibe wenzake. Akawa hasomi ubaoni bali anasikiliza tu na kunakili daftari la jirani. Kofia ilikatazwa kwa kuwa haimo kwenye sare. Hakuna aliyemchukia pale. Walifuata kanuni.

Katika kituo kimoja cha afya nilimwomba muuguzi losheni ya kukinga jua. Alinijibu kwa upole kwamba losheni ni urembo, si dawa, hivyo haimo katika orodha yake. Alitupa dawa ya kupaka kwenye vidonda. Kwa hiyo kidonda kilikuwa na haki ya kutibiwa, ila kukizuia kisitokee kuliachiwa mfuko wa mama. Kwenye duka la dawa mjini chupa moja ilizidi matumizi yetu ya chakula ya wiki nzima, na losheni hiyo hupakwa tena na tena mchana kutwa.

Mama alikuwa na mzigo mwingine. Ndugu wa baba walisema mtoto ametokana na laana ya upande wake. Nilipokuja kusoma kwamba ualbino wa mtoto hutokana na vinasaba vya wazazi wote wawili, nilisafiri hadi nyumbani kumweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa nini hakuna aliyekuja kumwambia hayo miaka kumi na tano iliyopita.

Sisi tunaosoma Kiswahili tuna sehemu yetu katika jambo hili. Tulipokuwa tukijadili ngeli, mwenzetu alitoa mfano wa "zeruzeru lile." Alisahihishwa papo hapo: binadamu huchukua upatanisho wa a-wa, kwa hiyo ni "yule." Sarufi ikarekebishwa, neno likabaki, na mjadala ukaendelea. Sikuinua mkono. Ng'ambo ya mpaka, wakati wa mauaji, mitaani waliwaita "dili." Nalo ni neno la lugha yetu.

Saratani ya ngozi imewaua watu wenye ualbino wengi kuliko mapanga, lakini haina mshtakiwa wa kupelekwa mahakamani, labda ndiyo maana hatuiandikii mabango. Na si kwamba haiwezekani kuizuia. Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun, maalumu kwa ngozi yenye ualbino. Kenya, serikali hutoa losheni bila malipo kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Nchi yangu iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2014, na kifungu cha 25 kinahusu afya. Nimekisoma kifungu hicho mara nyingi. Nikikisoma naona kofia, losheni na dawati la mbele.

Wiki kadhaa baada ya maadhimisho yale, nyuma ya sikio lake la kushoto kulitokea kidonda kisichopona. Nilimleta Bujumbura. Daktari alikikata, akakipima, akasema bado hakijawa saratani, arudi kila baada ya miezi sita. Usiku ule sikulala. Nilikuwa naiona kofia ikiwa mkononi mwangu, maana mimi ndiye niliyeishika hadi hotuba zilipoisha.

Nilimwandikia mkuu wa shule yake barua. Sasa anaketi dawati la mbele na kofia yake inaruhusiwa hata kwenye gwaride.

Mwaka uliofuata kamati iliniomba tena niwe mshereheshaji. Niliomba mambo mawili: sherehe ianze saa kumi jioni, na hema liwe la wenye siku yao. La kwanza walikubali. La pili walisema itifaki hairuhusu. Mdogo wangu alikuja na kofia yake pana, akaenda moja kwa moja chini ya hema na kuketi kwenye kiti cha mgeni ambaye hakuwa amefika. Kijana wa itifaki alianza kumfuata, nikamkazia macho, akarudi nyuma. Wapiga picha walilalamika kwamba uso wake uko kivulini.