Jua halikupatwa kwa ajili yangu

Baada ya kipindi chetu cha nyota na burji, wengi wenu mmeuliza kama kupatwa kwa jua tarehe 12 Agosti 2026 kutawabadilishia maisha. Walioko London wataona karibu asilimia 90 ya jua limefunikwa, kwa hiyo naelewa. Jibu langu mimi nililipata msibani.

Njia ya mwezi imeinama kama digrii 5 ukilinganisha na ya jua, na njia hizo hukatana mahali pawili. Mwezi ukipita karibu na hapo ukiwa mpevu, wenyewe hupatwa. Ukiwa unakwisha, jua ndilo hupatwa. Wanajimu wa Kiarabu wa zamani walipaita kichwa na mkia wa joka. (Bibi yangu alisema mwezi umemezwa na nyoka, tupige masufuria autapike. Kumbe hakuwa mbali.) Wanajimu wa leo wanasema kichwa ni kule roho inakoitwa, mkia ni mazoea ya kuyaacha.

Tarehe 8 Aprili 2024 jua lilipatwa lote hapa Dallas, kwenye burji ya Hamali, upande wa kichwa cha joka. Baba alikuwa amefariki wiki tatu kabla. Rafiki yangu akanitumia uchambuzi mrefu: acha kuishi kwa kuridhisha watu, huu ni mlango wako. Niliusoma labda mara kumi. Yaani nilitaka sana kifo cha baba kiwe kimepangwa kwenye ratiba ya nyota, kiwe na maana yangu mimi.

Ilikuwa Ramadhani 29. Mimi na mama tukaenda kuswali swala ya kupatwa kwa jua. Imamu akasimulia siku aliyofariki Ibrahim, mwana mdogo wa Mtume, na jua likapatwa siku hiyohiyo. Watu wakasema limepatwa kwa sababu yake. Mtume, baba mwenye msiba mbichi, akawakatalia: jua na mwezi ni ishara za Mungu, havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake.

Nilidhani maneno yale yataniumiza. Nikajikuta napumua. Baba hakuondoka ili mimi nikue. Aliugua, akafa, basi.

Tukatoka nje. Karibu dakika nne kiza kikatanda mchana kweupe, taa za barabarani zikawaka, na mama akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu mazishi. Wanajimu wangeita hiyo kuachilia, na sina ugomvi na neno lenyewe. Swali la nini ubebe na nini uache ni zuri, liulize hata Agosti hiyo (na miwani maalumu uvae, jamani). Ila mwenye msiba usimwambie kwamba nyota ndizo zilizopanga.

Usiku ule mama aliomba simu ya baba, iliyokuwa imezimwa kwenye droo. Tukaichaji. Ujumbe wake wa mwisho wa sauti ulikuwa anauliza kama tambi za Iddi tumeshanunua.