Ripoti za Lundo na Kazi ya Usiku

Nilipoanza kushughulika na takwimu za afya, ripoti ya mwezi kutoka vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa kama Lundo ilikuwa karatasi. Mhudumu alihesabu mistari kwenye vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya: cha 5 cha wagonjwa wa nje, cha 6 cha wajawazito, cha 12 cha waliojifungua, akajaza fomu, kisha akaitafutia mtu anayepanda Mbinga. Wilaya ya Nyasa ilikuwa haijazaliwa; ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Ripoti isipofika, sababu ilijulikana: gari limekwama milimani au ziwa limechafuka.

Kufikia 2013 mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, DHIS2, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo na kuendelezwa huku kwa msaada wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulikuwa umeenea Tanzania Bara. Baadaye barabara ya lami nayo ikateremka milimani hadi Mbamba Bay, ziwani. Katika hospitali niliyofanya kazi, fomu ziligeuka majedwali ya Excel, tukaweka programu ya kuyakusanya: usiku wa manane inaamka yenyewe, inafungua folda ya pamoja, inasoma faili moja moja na kuingiza hesabu kwenye hifadhidata.

Asubuhi moja mwambao mzima ukaonyesha sifuri ya malaria. Anayeujua mwambao ule wakati wa masika hawezi kuiamini sifuri hiyo. Hatari yake ni hapo: pengo likisomwa kama afya njema, dawa zitapelekwa kwingine.

Kwenye kumbukumbu za programu palikuwa na maneno mawili tu: ruhusa imekataliwa. Kijana wa zamu akashangaa. “Kaka, mbona faili nikilifungua mimi linafunguka?” Swali lake ndilo lililonifundisha kazi hii kuliko kozi yoyote. Linafunguka kwa sababu anayefungua ni yeye, kwa akaunti yake. Usiku anayebisha hodi ni mwingine, programu yenye akaunti nyingine. Ni sawa na mtoto aliyetumwa kukopa dukani: mwenye duka anamjua baba, mtoto hamjui.

Tangu hapo nilianza kila uchunguzi kwa jina la akaunti inayoendesha kazi ya usiku, na majibu yakawa yanakuja haraka. Mara nyingi tatizo lilikuwa herufi ya diski, ile Z tunayoiunganisha kwenye seva. Herufi hiyo ni ya mtumiaji aliyeiunganisha. Kazi ya usiku haiioni, inahitaji kuandikiwa njia kamili yenye jina la seva. Pengine ruhusa ilitolewa nusu. Kwenye Windows folda ya pamoja ina milango miwili, wa mtandao na wa diski yenyewe, na penye tofauti ule mkali ndio unaoamua. Pengine nywila ya akaunti ilibadilishwa, kazi ikabaki na ya zamani. Na pengine ni mtu tu ameondoka na kuacha jedwali wazi kwenye kompyuta yake, faili likafungwa kwa wengine.

Nilichokikataa siku zote ni ile dawa ya haraka ya kumpa kila mtu ruhusa zote. Kosa hutoweka kweli, lakini ndani ya folda zile mlikuwa na majina ya watu, vipimo vyao na namba za simu. Hata kabla ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, mama aliyetembea hadi zahanati kupima alistahili siri yake itunzwe.

Ndugu zangu mnaopokea mifumo hii sasa, ipeni kazi ya usiku akaunti yake, ruhusa ya folda moja tu, na iagizeni ipige kelele inaposhindwa badala ya kuacha sifuri. Kisha andikeni jina la akaunti hiyo kwenye daftari la makabidhiano, maana atakayewarithi ataanza kulitafuta hilo.